Uzi: Wiski na bourbon kwa pua ya Kizanzibari, na namna ya kutunza chupa kwenye joto letu

Kaunta_Shangani

Wakuu, habari zenu. Humu tuna nyuzi za kuku wa kienyeji, za pikipiki, za kutafuta wachumba, lakini wapenzi wa wiski tulio Unguja na Pemba hatuna kijiwe. Nafungua hiki. Mimi ni mtu wa bara, nafanya kazi ya kaunta hoteli moja Mji Mkongwe. Wasiokunywa karibuni msome, hapa hashawishiwi mtu. Anayetaka kujua ipi inapandisha haraka aende jukwaa la mapenzi, huko watamsaidia.

Nianze na hoja. Wageni wakikaa kaunta husoma lebo ya bourbon: vanila, karafuu, nazi, sukari iliyoungua. Wenzangu wa kazini wanacheka, wanasema mbwembwe za kuuzia. Mimi nasema si mbwembwe, na naongeza kwamba mtu aliyekulia visiwa hivi, karafuu zinaanikwa uani na nazi inakunwa jikoni kila siku, ana pua iliyo tayari kuliko mtalii aliyesoma vitabu.

Sikilizeni inavyotengenezwa. Bourbon ni wiski ya Marekani, na sheria yao inataka angalau asilimia 51 ya nafaka iwe mahindi. Ndiyo, mahindi haya haya ya sembe. Kinachobaki huwa rai (nafaka jamaa ya ngano) au ngano yenyewe, pamoja na shayiri kidogo iliyooteshwa. Ikipikwa kilevi kisizidi asilimia 80, ikiingia kwenye pipa kisizidi 62.5, ikitiwa chupani kisipungue 40. Rangi haitiwi, ladha haitiwi. Halafu inakuja habari ya pipa, na hapo ndipo utamu ulipo: lazima liwe jipya, la mwaloni, limechomwa moto kwa ndani. Mafundi wana viwango vya kuchoma. Kile cha nne huchukua chini ya dakika moja na ubao unatoka umepasuka-pasuka mithili ya ngozi ya mamba.

Mwaloni mweupe wa Marekani ukipigwa moto, lignini iliyomo kwenye ubao inavunjika na kutoa vanilini, ambayo ndiyo kemikali kuu ya harufu ya vanila. Ubao huo una laktoni zinazonukia nazi. Na una eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Kwa hiyo mtu akiinusa bourbon akasema "karafuu", hatungi. Ni kitu kilekile kinachotoka Pemba, ila hapa kimetoka kwenye ubao.

Nasubiri wabishi.

DogoPaje

Nimetandika mkeka hapa. Swali moja bro, Jack Daniel's ni bourbon au si bourbon? Kazini kuna ubishi na tumewekeana dau la chipsi kuku.

MpembaWaWete

Assalam alaykum. Mie sinywi na sina nia hiyo, ila hilo la karafuu limeniita nikiwa napita zangu.

Yakhe, aliyoyasema Kaunta kuhusu eujenoli ni kweli. Nina jamaa zangu wamefanya kazi kiwanda cha makonyo, pale Wawi, Chake Chake. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki ukishachambua karafuu. Yanajazwa kwenye tangi, mvuke unapitishwa chini, unapanda umebeba mafuta, ukipita kwenye mabomba ya kupozea unarudi kuwa maji na mafuta. Mtu anayetoka zamu pale, hata akioga mara tatu, ukipanda naye daladala unajua katoka wapi.

Sasa nina swali la kweli. Mafuta ya karafuu ukitia ulimini unakufa ganzi. Ndiyo maana watu hutia kwenye jino bovu. Hiyo bourbon yenu kama ina eujenoli, mbona hamfi ganzi midomo?

Kaunta_Shangani

@DogoPaje nakujia.

@MpembaWaWete wa alaykum salaam ndugu yangu. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kaunta. Jibu ni kiasi. Karafuu kavu, kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake ni mafuta, na mengi ya mafuta hayo ni eujenoli. Kwenye wiski kilichotoka kwenye ubao ni chembe kidogo mno, ulimi haustuki. Lakini pua yetu inaishika hata ikiwa kidogo namna hiyo. Kwa hiyo pua inaiona, ulimi hauna habari.

Na huo mtambo ulioueleza, wa mvuke kupanda na kupozwa, ndiyo kazi ileile inayofanyika Kentucky, jimbo la Marekani linalosifika kwa bourbon. Wao wanachachua mahindi kwanza.

Mzee_wa_Vuga

Vijana, hivi hamuoni haya? Visiwa hivi ni vya Waislamu. Mnakaa mnasifia ulevi hadharani halafu mnautia karafuu ili upate heshima. Karafuu ina mambo mengi ya kheri.

Kaunta_Shangani

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia. Sitabishana nawe juu ya dini, na wala sina uwezo huo. Mimi nafanya kazi sehemu yenye leseni, nawahudumia wageni, na Ramadhani nafahamu adabu ya mji. Mada ikikukera naomba radhi, ila tutaendelea humu kwa staha na hatutamwita asiyetaka.

Mzee_wa_Vuga

Marahaba. Endeleeni, lakini watoto wasome mengine.

Kaunta_Shangani

Dogo, dau lako. Jack Daniel's inatengenezwa Lynchburg, jimbo la Tennessee. Ukiipima kwa masharti niliyoyaandika juu (mahindi, pipa jipya lililochomwa, viwango vya kilevi) inafuzu kuitwa bourbon. Ila kabla haijaingia pipani inachujwa taratibu kupitia mkaa wa mti wa mepo, na wenyewe wanajiita wiski ya Tennessee, hawataki jina la bourbon. Kwa hiyo aliyesema "ni bourbon" na aliyesema "si bourbon" wote wana hoja. Gawaneni kuku.

Kitu ambacho wengi hawakijui: kijana Jack Daniel alifundishwa kupika na Nathan Green, waliyemwita Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Baada ya utumwa kukomeshwa, Green ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa kwanza wa kiwanda cha Jack Daniel. Kampuni ilianza kuisema habari hiyo waziwazi mwaka 2016, zaidi ya miaka 100 baadaye, na mwaka uliofuata ikatoka wiski nyingine kabisa yenye jina lake, Uncle Nearest.

Mkunazini_Juu

Hapo kwa Green nimesimama kidogo. Sisi tumezaliwa hatua chache kutoka lilipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873, pale lilipo kanisa sasa. Watalii wanatoka kupiga picha kwenye mnara wa wale watu wenye minyororo shingoni, jioni wanaagiza Jack na soda, na hakuna anayewaambia kilichomo ndani ya glasi. Kaunta, weye waambie.

Kaunta_Shangani

Nawaambia, tena hasa Wamarekani. Wengine wanashtuka kuisikia habari ya kwao ikitoka kwa mtu wa Mbeya aliye Shangani.

Binti_Malindi

Hamjambo. Mie nauza udi na mafuta ya kunukia, wiski sijawahi kuitia mdomoni na inshallah sitaitia. Lakini kunusa ndiyo kazi yangu, nikawa nawasoma nikaona mnaruka jambo: pua haijui kitu mpaka ifundishwe majina.

Mteja akija dukani akasema "nataka inayonukia vizuri" sina la kumsaidia. Akisema "nataka yenye asmini, isiwe tamu" hapo namuelewa. Wanawake wa hapa wanajua hivyo tangu wadogo, wanasokota vikuba, wanajua kilua kikifunguka asubuhi na kikichoka jioni ni harufu mbili mbalimbali. Wanaume wengi hamjui. Kwa hiyo Kaunta anaposema Mzanzibari ana pua tayari, nakubali nusu. Mama yake anayo.

Fanyeni hivi. Vijichupa vitupu vya dawa, vioshwe vikauke. Kimoja tia karafuu mbili zilizopondwa, kingine mdalasini, kingine kipande cha vanila ya Kizimbani, kingine nazi iliyokaangwa kidogo, kingine ganda la chungwa, kingine sukari guru. Funika. Fumba macho, mtu akupe kimojakimoja. Mpaka uvitaje vyote bila kusita, ndiyo ukaguse hayo yenu. Na pua ikichoka usinuse kahawa, watu wanapenda kuiga hilo. Nusa mkono wa nguo yako mwenyewe, inarudi.

DogoPaje

Dada umetuvua nguo 😂 "Mama yake anayo."

Kaunta_Shangani

Binti Malindi, kwa ruhusa yako nitaichukua hiyo ya vijichupa niipeleke kazini. Nami niongeze upande wa glasi, kwa wanaokunywa.

Toti moja, si zaidi. Glasi iliyobana mdomo ni bora, ukikosa tumia hata ile ndogo ya mvinyo. Pua usiitumbukize, wiski ina kilevi asilimia 40 na kuendelea, utaungua na usisikie kitu. Shusha glasi chini ya kidevu, pandisha polepole, acha mdomo wazi kidogo. Ile harufu ya kwanza inayochoma iache ipite. Kisha dondosha maji, matone mawili matatu, unuse tena. Wapo wanaosema kutia maji ni kuharibu. Mwaka 2017 watafiti wawili wa chuo kikuu kimoja Sweden walilichunguza jambo hilo kwa hesabu za kompyuta wakaonyesha kwamba kilevi kikipunguzwa kwa maji, chembe za harufu kama gwayakoli (ile ya kimoshimoshi) husogea juu ya kinywaji, karibu na pua yako. Kwa hiyo maji ni halali, barafu nyingi ndiyo inayoua harufu. Najua kwetu joto, mtu anataka barafu. Tia ukishamaliza kunusa.

Mtu_wa_Kizimkazi

Mimi ni nahodha wa boti za kuangalia pomboo. Mgeni mmoja kutoka Scotland alinipa bakshishi ya wiski badala ya pesa. Nilipofungua nikasema huyu kanifanyia mzaha. Inanuka hospitali! Bandeji, Dettol, halafu moshi, halafu kama ng'onda iliyosahauliwa juani. Bado ninayo, haijaguswa, wanangu wanasema nisafishie sakafu. Hiyo nayo mtasema ni karafuu?

Kaunta_Shangani

Nahodha 😂 lebo inasema Laphroaig, Ardbeg au Lagavulin?

Mtu_wa_Kizimkazi

Hiyo ya kwanza.

Kaunta_Shangani

Basi mgeni alikupenda. Hiyo inatoka kisiwa cha Islay, watu wa kisiwani wenzako. Scotland wanatumia shayiri, wanailoweka ichipue, halafu lazima ikaushwe. Islay kuni zilikuwa shida, ila wana mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyolala ardhini miaka elfu na elfu. Wanaikata matofali, wanaikausha, wanaichoma. Moshi wake unaingia kwenye shayiri na fenoli zake ndizo hizo unazozisikia. Dawa za kuua vijidudu za zamani zilitokana na jamii hiyohiyo ya kemikali, kwa hiyo pua yako haikukosea iliposema hospitali.

Kwa masharti yao wiski ya Scotland hukaa pipani angalau miaka 3, na pipa haliwi lazima jipya. Mengi ni yaleyale yaliyotoka Kentucky yakiwa yameshatumika kwa bourbon, maana huko hayaruhusiwi kurudiwa. Kwa hiyo hata humo ndani, nyuma ya moshi, kuna vanila ya mwaloni wa Marekani. Tia maji kijiko kimoja, iache robo saa, uniambie.

Binti_Malindi

Moshi unaoingia kwenye kitu na kubaki, hiyo sasa ni lugha yangu. Nguo ikifukizwa kwenye chetezo usiku, asubuhi moshi wenyewe umekwenda lakini harufu imekaa. Muulize nahodha kama glasi ikibaki tupu mpaka kesho yake bado inanukia.

Mtu_wa_Kizimkazi

Nimefanya kama mlivyosema. Maji yamesaidia, sasa ni moshi na chumvi, hospitali imekwenda mbali. Siwezi kusema naipenda. Ila glasi tupu asubuhi ilikuwa inanukia vizuri kuliko kinywaji chenyewe, Binti Malindi nimekuvulia kofia. Mke wangu ameinusa akauliza nimefukiza nini.

Chupa_Kendwa

Naona mmefika kwenye kunusa tu. Sisi wakusanyaji tusemeje? Nina kabati zima, nimelikusanya kupitia marafiki wa nje na wageni wanaorudi kila mwaka. Ninachokusanya hasa ni Blanton's. Ilianzishwa 1984 na Elmer T. Lee kwenye kiwanda ambacho leo ni Buffalo Trace, bourbon ya kwanza kuuzwa kwa mtindo wa pipa mojamoja, yaani kila chupa imetoka pipa moja bila kuchanganywa na lebo ina namba ya pipa imeandikwa kwa mkono. Juu ya kizibo kuna farasi wa chuma na mpanda farasi. Wako wanane, kila mmoja katika hatua tofauti ya mbio, na kila mmoja ana herufi moja. Ukizipanga zinaandika jina la chupa. Ninazo saba. Aliyeniletea shida ni yule wa mwisho, S, farasi kamaliza mbio na mpandaji kanyanyua mkono. Nimeletewa herufi zilizojirudia mpaka nimechoka.

Swali langu ni joto. Kendwa umeme ukikatika chumba kinageuka tanuri. Chupa zitaharibika?

Kaunta_Shangani

Kwanza, hongera kwa farasi saba.

Pili, ukweli ambao wakusanyaji wengi hawapendi kuusikia: wiski ikishatiwa chupani haizeeki tena. Umri ni wa pipani. Chupa ya miaka 12 ukiiweka kabatini miaka 20 itabaki ya miaka 12. Kinachoweza kutokea ni kupungua na kuharibika. Kwa hapa kwetu:

Simamisha chupa. Mvinyo ndio unaolazwa. Wiski ikilala, kilevi kinakula kizibo cha gome, siku ya kufungua kinabaki shingoni. Joto lenyewe likiwa la kiasi na halipandi na kushuka si adui mkubwa, tatizo ni lile la kiyoyozi usiku na tanuri mchana, kimiminika kinatanuka na kusinyaa, hewa inaingia na kutoka pembeni ya kizibo. Kwa hiyo chagua chumba cha ndani kisichogusana na ukuta wa magharibi, chini sakafuni ni bora kuliko rafu ya juu. Nyumba za mawe za mjini zina kuta nene, zinasaidia sana. Wewe wa Kendwa na bati lako pole. Jua lisiguse kabisa, linapausha rangi na ladha. Kisha unyevu wa bahari: hauingii ndani ya chupa, unakula lebo. Funga kila chupa kwenye mfuko laini wa plastiki, na kizibo kizungushie utepe wa nta au ule wa plastiki unaonyooka. Ukishafungua chupa na ikabaki robo, imalize au ihamishie chupa ndogo, maana hewa nyingi humo ndani inaichosha.

Na kubwa kuliko yote, fungua hizo chupa. Mpanda farasi hanyweki.

Chupa_Kendwa

Ushauri wa joto nimeuchukua. Wa kufungua nimeukataa. Mtu anayekusanya stempu hazibandiki kwenye barua.

Kaunta_Shangani

Sawa, lakini stempu haikupikwa ili ionjwe.

Mkunazini_Juu

Muacheni na kabati lake, kila mtu na lake. Mie nina la kuuliza: kama pipa ndilo linalozeesha, kwa nini tusizeeshe hapa? Joto tunalo bure.

Kaunta_Shangani

Joto linaharakisha, lakini linalipisha. Pipa linapumua, kila mwaka sehemu inapotea hewani. Scotland hupotea kama asilimia 2 kwa mwaka. Kiwanda cha Amrut kule Bangalore, India, kinapoteza kati ya 10 na 12. Ukiweka pipa lako Kiwengwa miaka 12 utafungua ukute imebaki kidogo tu chini. Ndiyo maana Amrut, na Kavalan ya Taiwan, wanauza wiski changa zenye ladha nzito na zinashinda za wazee wa Scotland kwenye mashindano. Kwa hiyo inawezekana nchi za joto. Ila kupika pombe kali bila leseni, sheria inajulikana, humu hatufundishi gongo.

Anayetaka ya Afrika aitafute Bain's ya Afrika Kusini. Inatengenezwa kwa mahindi ya huko, inakaa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba bourbon, na imeshawahi kuchukua tuzo ya dunia ya wiski za nafaka. Nyepesi, tamu, na anayeanza hataogopa. Kwa bourbon yenyewe, anayeanza ajaribu Maker's Mark, ile yenye nta nyekundu shingoni. Wao wanatumia ngano badala ya rai kwa hiyo haina ukali wa pilipili. Ukishaizoea, nenda Wild Turkey 101 ndiyo uone karafuu ilivyo. Ile 101 ni prufu, kipimo cha kilevi, igawe kwa mbili upate asilimia, 50.5.

Mtoto_wa_Ng'ambo

Samahani kuingilia, nina jambo. Babu yetu alikuwa mpishi kwenye klabu ya Waingereza, ile ambayo sasa ni Africa House. Alifariki zamani. Tukisafisha nyumba ya Ng'ambo tumekuta kasha, ndani kuna chupa ya Johnnie Walker, ya mraba, haijafunguliwa. Lebo nyekundu imeliwa pembeni. Imeandikwa "70° proof". Kuna jamaa ananipigia simu kila siku anataka kuinunua. Je, ni mali? Na mbona prufu 70, ukigawa kwa mbili ni 35, si ni chini ya sheria?

Kaunta_Shangani

Usiuze! Au uza, lakini si kwa huyo wa simu.

Ile hesabu ya kugawa kwa mbili ni ya Marekani. Waingereza walikuwa na prufu yao: 70 ya kwao ni asilimia 40. Waliandika hivyo hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 walipohamia asilimia. Kwa hiyo kwanza tunajua ni ya kabla ya hapo, na kwamba ilitengenezwa kwa soko la Waingereza. Majina ya Red Label na Black Label yalianza 1909, kabla ya hapo usitafute. Tuma picha ya kimo cha kinywaji: simamisha chupa mbele ya dirisha, usiitikise. Kisha picha ya kifuniko, na chini ya chupa.

Mtoto_wa_Ng'ambo

Picha nimeweka. Kimo kimeshuka, kimefika hapa mabegani ambapo shingo inaishia na mwili unaanza, na kidogo chini yake. Kifuniko ni cha bati, kina kutu, lakini kile kipete hakijakatika. Chini kuna maandishi ya kioo yaliyofifia. Ndani kinywaji kinang'aa, hakina vumbi.

Chupa_Kendwa

Naomba uniuzie mimi. Natania. Sitanii.

Kaunta_Shangani

Nimeziona. Kipete kizima ni habari njema, kinaonyesha haijafunguliwa ikajazwa nyingine. Kimo cha mabegani kwa chupa ya zamani iliyoishi Ng'ambo, chini ya bati, si cha kushangaza, ila kinapunguza bei, mkusanyaji anataka kimo cha shingoni. Na Red Label ilitengenezwa kwa wingi sana, kwa hiyo usitarajie kujenga ghorofa. Thamani yake kubwa ni babu yako na ile klabu. Kama kuna barua yake ya kazi au picha ya jikoni lile, iweke pamoja na chupa, hapo ndipo mnunuzi wa kweli ataongeza.

Huyo wa simu muogope kwa sababu moja: chupa tupu za zamani na za bei zinatafutwa ili zijazwe upya. Feki si jambo la leo. Wamarekani walipitisha sheria mwaka 1897 kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakichukua pombe mbichi wanaitia rangi kwa tumbaku na takataka nyingine wanaiita wiski. Sheria ile ikasema ikiandikwa imetunzwa chini ya serikali, iwe imetoka kiwanda kimoja, msimu mmoja, imekaa pipani miaka 4 na ina asilimia 50. Mpaka leo ukiona "Bottled in Bond" maana yake ni hiyo. Na bado watu wanapigwa. Mwaka 2017 mgeni mmoja kutoka China alilipa karibu faranga 10,000 kwenye hoteli Uswisi kwa toti moja ya Macallan iliyodaiwa ni ya 1878. Ilipopelekwa maabara ikaonekana imetengenezwa miaka ya mwanzo ya 1970. Hoteli ikamrudishia pesa.

Ndiyo maana sisi kazini chupa za bei zikiisha tunakwaruza lebo kabla hazijatoka nje. Nawaomba wa kaunta wenzangu wa Nungwi na Paje mfanye hivyo. Mwanzoni mwa 2024 vinywaji vilipoadimika visiwani na bei zikaruka, kuna chupa zilikuwa zinazunguka mtaani na kizibo kimezungushiwa gundi ya dukani. Utaijua: inang'aa kupita kiasi na inabaki kwenye kucha.

DogoPaje

Sisi Paje chupa tupu tunauza kwa wale wa mikokoteni. Dah. Kuanzia leo nakwaruza.

MpembaWaWete

Nimerudi. Nimempelekea ndugu yangu wa kiwandani uzi huu, amecheka sana. Anasema kama Wamarekani wanachoma mbao ili wapate karafuu, waje Wete tutawauzia. Binti Malindi, hizo karafuu za vijichupa vyako usinunue za Darajani zilizolala, nitakutumia mpya zilizoanikwa mwaka huu, kwa meli.

Binti_Malindi

Ahsante sana kaka. Niletee na makonyo kidogo, nataka nilinganishe.

Mtoto_wa_Ng'ambo

Wakuu, taarifa. Mama kasikia tuna chupa ya pombe ndani ya nyumba. Picha ya babu akiwa na kofia ya upishi ameichukua kaitundika ukutani, hiyo haiuzwi. Chupa kasema isilale humu hata usiku mmoja zaidi. Nipo nayo barazani kwa jirani. Nani yuko mjini?

Chupa_Kendwa

Nimepanda daladala.

Kaunta_Shangani

Mimi niko Shangani, natembea kwa miguu, nitafika kabla yako. Mtoto wa Ng'ambo, isimamishe na iondoe juani.